Ranibeki yupi mkali? Namna ya kuwapima kabla msimu wa futiboli ya vyuo haujafunguliwa

Wiki za mwisho za Agosti, Mswahili anayeishi Columbus, Dallas au Lexington hana pa kukimbilia. Kazini, kanisani, kwa kinyozi, ubishi ni mmoja: futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani inakaribia kufunguliwa na kila mtu anatetea chuo chake. Ubishi huo hauchukui muda kufika kwa ranibeki. "Wetu mwaka jana alikimbia yadi 1,300, wenu 900, mtatuweza wapi?" Aliyekulia kwenye soka anaitikia kwa adabu tu. Hajui yadi 1,300 ni nyingi au ni za kawaida, na zaidi ya hapo hajui kama mwenye 1,300 kweli anamzidi mwenye 900.

Huenda hamzidi hata kidogo. Wamarekani waliozaliwa na mchezo huu wanalikosea jambo hili kila mwaka, na kosa lao halibadiliki: wanahesabu yadi bila kuuliza zimepatikanaje. Ukishajua kuuliza hivyo, utaweza kukaa kwenye ubishi wowote wa ranibeki bila kubabaishwa.

Tuanze chini kabisa. Kila timu inaingiza watu 11. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani kama mita 9. Ikifanikiwa inapewa manne mengine, ikishindwa mpira unahamia kwa wapinzani. Uwanja una yadi 100 kutoka mstari wa goli hadi mstari wa goli, na anayeuvuka mstari wa wapinzani akiwa na mpira amefunga tachidauni, pointi 6. Njia za kusogea ni mbili kubwa. Kwotabeki, ambaye ndiye anayeongoza mashambulizi, anaweza kuurusha mpira kwa mwenzake aliyetangulia mbele, au anaweza kumkabidhi mkononi mtu aliyesimama karibu naye ili akimbie nao. Huyo anayekabidhiwa ndiye ranibeki.

Mbele ya ranibeki kuna wazuiaji watano, majitu ya kilo 135 hadi 150, wenye kazi ya kuwasukuma walinzi pembeni ili uchochoro ufunguke. Uchochoro wenyewe hufunguka na kufungwa ndani ya muda usiozidi sekunde moja. Ranibeki anatakiwa auone, auamini, aingie kabla haujazibwa, kisha upande wa pili akutane na mtu mwingine mwenye kilo mia na kitu anayekuja kumwangusha kwa nguvu zake zote.

Kwa vipimo vya jumla, yadi 1,000 kwa msimu ndiyo alama ya kale ya ranibeki aliyefanya kazi yake vizuri. Kwa kila mara anayobeba mpira, wastani wa yadi 4 ni wa kawaida, 5 na ushee ni mzuri, 6 ni wa kutisha, na 7 kwa msimu mzima wenye mbio nyingi ni jambo adimu sana.

Hapo ndipo wengi wanapoishia, na hapo ndipo upotoshaji unapoanza. Madereva wawili wa daladala wakifunga kazi usiku, mmoja ameingiza laki mbili na mwingine laki moja na nusu, tajiri anayeijua biashara yake hamsifu wa kwanza kabla ya kuuliza: ulikuwa barabarani kwa saa ngapi, uliendesha gari lipi, na ulipangiwa njia gani? Kwa ranibeki, saa ni idadi ya mara alizopewa mpira. Gari ni wale wazuiaji watano. Njia ni wapinzani aliokutana nao.

Alipewa mpira mara ngapi?

Sijui msimu unaolifundisha hili vizuri kuliko ule wa 2015. Kabla haujaanza, majina matatu yalikuwa yakitajwa au yangepaswa kutajwa. La kwanza ni Leonard Fournette wa LSU, Louisiana, ambaye mwaka wake wa kwanza, 2014, alikimbia yadi 1,034 kwa kubeba mpira mara 187. La pili ni Derrick Henry wa Alabama, aliyekuwa amekimbia yadi 990 kwa mara 172, huku akigawana kazi na T.J. Yeldon aliyepata 979. La tatu ni Christian McCaffrey wa Stanford, California. Huyu alikuwa na yadi 300 tu.

Kwa kuhesabu yadi, McCaffrey hakustahili hata kuwekwa kwenye sentensi moja na wenzake. Lakini zile 300 alizipata kwa kubeba mpira mara 42 pekee. Gawanya: zaidi ya yadi 7 kila mara, wakati Henry alikuwa na 5.8 na Fournette 5.5. Mara 42 ni chache, na mtu makini hawezi kutangaza mfalme kwa kuzitegemea. Hata hivyo zilikuwa ishara kwamba kuna kijana ambaye bado hajapewa nafasi, na kwamba yadi zake chache zinatueleza uamuzi wa kocha kuliko zinavyotueleza miguu yake.

Msimu ulipokwisha, Henry alikuwa na yadi 2,219 na tachidauni 28 za kukimbia, akachukua tuzo ya Heisman, ile anayopewa mchezaji bora wa vyuo. McCaffrey alikimbia 2,019, akaongeza 645 za kudaka mpira uliorushwa, na ukijumlisha na zile za kurudisha mipira iliyopigwa na wapinzani alifikisha 3,864. Hiyo ni rekodi ya taifa, iliyofuta ile ya Barry Sanders ya 3,250 iliyokuwa imesimama tangu 1988. Akashika nafasi ya pili katika kura za Heisman. Fournette alimaliza na 1,953.

Basi Fournette ni wa tatu? Ngoja kidogo. Alabama walicheza mechi 15 kwa sababu walifika fainali ya taifa na kuishinda. LSU walicheza 12. Kwa kila mechi, Fournette alikuwa na karibu yadi 163, Henry karibu 148, McCaffrey 144. Kwa kila mara ya kubeba mpira, Fournette tena ndiye aliyeongoza: 6.5, McCaffrey 6.0, Henry 5.6. Anayesema Henry alikuwa bora ana ushahidi wake, anayesema Fournette anao pia, na wa McCaffrey ndiye mwenye orodha ndefu ya kazi kuliko wote. Mimi, ningelazimishwa kuchagua mmoja kwa msimu ule, ningemchukua McCaffrey, kwa sababu alikuwa hatari kila alikosimama uwanjani. Lakini ubishi huo ni halali kwa pande zote, jambo ambalo huwezi kulisema kuhusu ubishi wa "wetu ana 1,300, wenu ana 900".

Barry Sanders mwenyewe ni mfano mkali kuliko hao. Mwaka 1987 pale Oklahoma State alikuwa nyuma ya Thurman Thomas, ambaye baadaye aliingia katika jumba la heshima la futiboli ya kulipwa. Sanders alipata masalio: mara 105, yadi 603. Mtu aliyelinganisha ranibeki wa Marekani kabla ya ufunguzi wa 1988 kwa kutazama jumla za mwaka uliotangulia angemweka mbali kabisa. Thomas akaondoka, nafasi ikapatikana, na Sanders akakimbia yadi 2,628 katika mechi 11. Mpaka leo hakuna aliyezifikia katika msimu mmoja wa ngazi ya juu ya vyuo.

Kwa hiyo unapoambiwa fulani ana yadi 600 tu, swali la kwanza ni: nani alikuwa mbele yake, na huyo wa mbele bado yupo?

Ohio State wa 2024 wanaonyesha upande mwingine wa jambo hilo. Walikuwa na ranibeki wawili ambao kila mmoja angekuwa mfalme kwingine. Quinshon Judkins alihamia kutoka Ole Miss, chuo cha jimbo la Mississippi, ambako mwaka wake wa kwanza alikimbia yadi 1,567. Alipofika Columbus, makao ya Ohio State, akamkuta TreVeyon Henderson. Judkins alimaliza na 1,060, Henderson na 1,016. Mtu anayesoma namba tu atasema Judkins ameporomoka. Ukweli ni kwamba walipunguziana kazi kwa makusudi, Henderson akapata wastani wa yadi 7.1 kwa mara 144 tu, timu ikatwaa ubingwa wa taifa Januari 2025, na wote wawili wakachukuliwa na timu za NFL, ligi ya kulipwa, katika raundi ya pili ya uteuzi wa wachezaji wapya, nafasi ya 36 na ya 38. Kugawana kazi kulizitunza pia nyonga na magoti yao, na kwa mchezaji ambaye mwili wake ndio mtaji wake hilo si jambo dogo.

Nani yuko mbele yake?

Swali la wazuiaji ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu macho yetu yanamfuata mwenye mpira. Uchochoro ukiwa mpana, hata ranibeki wa kawaida anapata yadi 5 bila kuguswa. Ukiwa umezibwa, hodari anapata 2 na tunamwona mzembe.

Wachambuzi wamepata njia ya kutenganisha. Wanahesabu yadi alizopata ranibeki kabla ya kuguswa na mlinzi wa kwanza, kisha wanahesabu alizopata baada ya hapo. Za kwanza kwa sehemu kubwa ni kazi ya wazuiaji na mpango wa kocha. Za pili ni zake mwenyewe: nguvu ya mapaja, kujizungusha, kukataa kuanguka. Kama kuna takwimu moja ya kuibeba kwenye ubishi, beba hii.

Aliyeifanya iwe maarufu ni Ashton Jeanty wa Boise State, chuo cha jimbo la Idaho kinachochezea kwenye uwanja wa nyasi za buluu. Jeanty aliujulia mchezo huu Napoli, Italia, ambako baba yake alikuwa kwenye jeshi la majini la Marekani. Ana urefu wa kama sentimita 174, na kabla ya mpira kuanza husimama wima kabisa, mikono ikining'inia, ilhali ranibeki wengine wameinama na kushika magoti. Mwaka 2024 alikimbia yadi 2,601. Kwa hesabu za Pro Football Focus, kampuni inayopitia upya kila tukio la kila mechi, karibu robo tatu ya yadi hizo zilipatikana baada ya yeye kuguswa. Ukitazama mechi zake unaona kilichomo ndani ya hesabu hiyo: mlinzi anamfikia, anamkumbatia kiunoni, Jeanty anateremsha bega, miguu haiachi kutembea, na yule mlinzi anabaki chini ameshika hewa. Mwingine anakuja, hadithi ni ileile.

Sasa mlinganishe na kisa cha Cam Skattebo. Alianzia Sacramento State, chuo cha ngazi ya chini ya ile ya juu, kisha akahamia Arizona State. Mwaka wake wa kwanza hapo, 2023, timu ilishinda mechi 3 na kupoteza 9, naye akaambulia yadi 783. Kabla ya ufunguzi wa 2024 ilikuwa rahisi kusema alikuwa samaki mkubwa wa bwawa dogo. Mwaka huohuo wa 2024 timu ilijipanga upya, ikashinda mechi 11 na kutwaa ubingwa wa ligi yake, na Skattebo akakimbia yadi 1,711, tachidauni 21, na kuongeza yadi 605 za kudaka. Katika robo fainali ya ubingwa wa taifa dhidi ya Texas alikimbia 143, akadaka 99, na akarusha mwenyewe mpira wa tachidauni wa yadi 42. Mtu ni yuleyule. Kilichobadilika zaidi ni watu waliomzunguka na jinsi alivyotumiwa.

Tangu sheria za kuhama vyuo zilegezwe mwaka 2021, visa vya aina hii vimekuwa vingi, na ndivyo vinavyofanya ulinganisho wa kabla ya msimu uwe mgumu kuliko zamani. Ranibeki anakuja na yadi za chuo kimoja kwenda kukimbia nyuma ya wazuiaji wa chuo kingine. Yadi zile hazihami naye.

Kuna jambo la kihesabu linalowachanganya hata mashabiki wa miaka mingi. Katika futiboli ya vyuo, kwotabeki akiangushwa kabla hajarusha mpira, yadi alizorudishwa nyuma zinakatwa kwenye yadi za kukimbia za timu. NFL wanafanya kinyume, wanazikata kwenye zile za kurusha. Kwa hiyo ukiona chuo kina wastani wa yadi 3.5 kwa kila mbio usikimbilie kusema ranibeki wake ni dhaifu. Pengine kwotabeki wao aliangushwa mara nyingi na ranibeki mwenyewe ana 5.

Alikimbia dhidi ya nani?

Agosti 31, 2024, Boise State walifungua msimu ugenini dhidi ya Georgia Southern. Jeanty alibeba mpira mara 20, akakimbia yadi 267, akafunga tachidauni 6. Wakashinda 56 kwa 45. Kesho yake mitandao ilijaa jina lake, na wenye mashaka nao walikuwa na hoja: timu inayofungwa pointi 56 haijaonyesha kwamba inajua kukaba.

Mimi naiheshimu zaidi mechi yake iliyofuata. Septemba 7 walikwenda Oregon, timu ambayo baadaye ilimaliza ligi yake bila kupoteza hata mechi moja. Jeanty alikimbia yadi 192 na tachidauni 3. Boise State walipoteza 37 kwa 34 katika dakika za mwisho, lakini swali la kama kijana huyu anaweza kukimbia mbele ya walinzi wa daraja la juu lilikuwa limejibiwa. Zile 192 zina uzito kuliko zile 267.

Hili lina maana kubwa kwa mechi za ufunguzi. Vyuo vingi vikubwa hufungua msimu kwa kualika chuo kidogo, kinacholipwa fedha nzuri kuja kufungwa. Ranibeki anapata yadi 150 hadi mapumziko, anapumzishwa, na mashabiki wanaanza kuzungumzia Heisman. Wengine hufungua kwa mechi ngumu na namba zao zinatoka ndogo. Mwaka 2015, siku moja ya Septemba 5, Henry alifungua dhidi ya Wisconsin kwa yadi 147 na tachidauni 3 katika mara 13 tu. McCaffrey siku hiyohiyo alikimbia yadi 66 na Stanford wakafungwa 16 kwa 6 na Northwestern. Na Fournette? Mechi ya LSU dhidi ya McNeese State ilisimamishwa kwa sababu ya radi ikiwa imeanza tu, baadaye ikafutwa kabisa. Kitabuni hakuwa na yadi hata moja. Aliyepanga ubora wa ranibeki jioni ile angempa Henry sifa zote, na kuhusu McCaffrey angekuwa amekosea vibaya mno.

Hata mechi kubwa inaweza kudanganya ukiitazama kwa jicho moja. Novemba 7 mwaka huohuo Alabama na LSU walikutana Tuscaloosa. Henry alibeba mpira mara 38, yadi 210, tachidauni 3. Fournette alibeba mara 19, yadi 31. Wengi walihitimisha usiku ule kwamba mjadala umekwisha. Lakini hao wawili hawakukimbia dhidi ya watu wale wale. Henry alikutana na walinzi wa LSU, Fournette alikutana na walinzi wa Alabama, na ukuta wa Alabama mwaka ule ulikuwa miongoni mwa mikali kuliko yote nchini dhidi ya mbio. Ukirudia kuitazama mechi ile utaona mara nyingi Fournette anaguswa akiwa bado nyuma ya mstari mpira unapoanzia, kabla hajapata hata nafasi ya kuamua aende wapi. Ranibeki wa timu mbili hawapambani wao kwa wao. Kila mmoja anapambana na walinzi wa mwenzake, na hili ndilo watu wanalolisahau zaidi wanapolinganisha kabla ya mechi.

Wastani nao una ujanja wake

Tuseme kuna ranibeki wawili, kila mmoja amebeba mpira mara 10 na kupata yadi 60. Wa kwanza alipata 52 kwa mbio moja na 8 kwa zile tisa zilizobaki. Wa pili alipata 6 kila mara. Kwenye karatasi wanalingana. Uwanjani, wa kwanza ameiacha timu yake kwenye shida mara tisa na kuiokoa mara moja. Wa pili hajawahi kuiweka kwenye shida.

Ndiyo maana wachambuzi wanatumia kipimo kingine, cha mbio zilizofanikiwa. Jaribio la kwanza linahesabiwa limefanikiwa likileta nusu ya yadi zinazohitajika, la pili likileta asilimia 70, la tatu na la nne likizileta zote. Kwa kipimo hiki, yadi 2 kwenye jaribio la tatu lililohitaji yadi 1 ni mafanikio, na yadi 4 kwenye jaribio la tatu lililohitaji 8 ni bure. Sisemi wa mbio ndefu hana maana. Timu nyingi zinashinda kwa mbio mbili za yadi 50. Ninachosema ni kwamba hao ni wachezaji wa aina mbili, na wastani unawafanya waonekane mmoja.

Tachidauni nazo zisikubabaishe. Anayekabidhiwa mpira timu ikiwa imebakiza yadi 1 anafunga nyingi, wakati mwingine baada ya mwenzake kukimbia zile 70 za mwanzo.

Na kasi? Kila mwaka utasikia nani ana kasi zaidi kwenye mbio za yadi 40. Wale watatu wa 2015 walipopimwa kwa ajili ya NFL, McCaffrey alitumia sekunde 4.48, Fournette 4.51, Henry 4.54. Kati ya wa kwanza na wa mwisho kuna sekunde 0.06, na Henry alikuwa na kilo kama 20 zaidi ya McCaffrey. Henry, wa mwisho katika mbio hizo, ndiye baadaye aliyekimbia yadi 2,027 katika msimu mmoja wa NFL, mwaka 2020.

Rekodi ya Sanders inahitaji maelezo yake, maana ilizusha ubishi mkubwa mwishoni mwa 2024. Jeanty alimaliza akiwa amepungukiwa yadi 27 tu kuifikia. Wengine wakasema ni sawa na kuifikia, wengine wakamwonea huruma. Lakini tazama: Jeanty alicheza mechi 14, Sanders zake 2,628 ni za mechi 11. Zaidi ya hapo, wakati wa Sanders mechi za mwaliko za mwisho wa mwaka hazikuhesabiwa kwenye takwimu za msimu. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kilianza kuzihesabu mwaka 2002. Sanders alikimbia yadi 222 katika mechi ya aina hiyo, Holiday Bowl, dhidi ya Wyoming, na zikiongezwa anafika 2,850. Jeanty kwa upande wake alikabwa vilivyo na Penn State katika Fiesta Bowl, yadi 104 kwa mara 30. Simpunguzii Jeanty kitu, msimu wake ulikuwa wa ajabu na kura za Heisman alishindwa na Travis Hunter peke yake. Nasema tu kwamba wanaoweka 2,628 na 2,601 bega kwa bega wanalinganisha kalenda mbili tofauti.

Kazi isiyoandikwa

Kuna sehemu ya kazi ya ranibeki ambayo haimpi yadi hata moja. Kwotabeki anapotaka kurusha, mara nyingi ranibeki anabaki nyuma kumkinga. Mlinzi mwenye kilo 110 anakuja mbio kutoka upande ambao wazuiaji watano hawauoni, na ranibeki anatakiwa amtambue mapema, ajiweke katikati, apokee kishindo. Akikosea, kwotabeki anaumia. Makocha wengi hawampi kijana wa mwaka wa kwanza dakika nyingi, hata awe na miguu ya moto, mpaka ajifunze hili. Henderson wa Ohio State alisifiwa kwa kazi hii karibu sawa na mbio zake, na ni sababu mojawapo iliyowavutia watu wa NFL. Ongeza kudaka mpira, ongeza kutoudondosha, na utaelewa kwa nini mwenye yadi 900 anaweza kuwa ndiye kocha anayemwamini dakika ya mwisho.

Basi wiki ya ufunguzi ikifika na ukaambiwa ulinganishe ranibeki wa timu mbili, chukua dakika chache. Angalia idadi ya mara walizobeba mpira mwaka jana kabla ya kuangalia yadi. Angalia wazuiaji wangapi kati ya watano wamerudi: wakirudi wanne au wote, mwenye yadi 900 anaweza kupanda sana, na wakirudi mmoja au wawili, mwenye 1,300 ana kibarua. Angalia walinzi wa timu pinzani. Angalia kama kwotabeki ni mgeni, kwa kuwa walinzi wasiomwogopa kwotabeki hujazana watu wanane karibu na mstari na uchochoro unakuwa mwembamba kwa yeyote yule.

Mechi ikianza, kwa robo ya kwanza acha kabisa kuhesabu. Mtazame ranibeki anapoguswa mara ya kwanza. Je, anaanguka palepale, au anasogea yadi mbili tatu akiwa na mtu mgongoni? Anaangukia mbele au nyuma? Jaribio la tatu likihitaji kurusha, kocha anamwacha uwanjani au anamtoa?